Sikio la Fundi Mcha

Kwa zaidi ya miaka ishirini, mtu wa mjini akitaka kununua gari alianza kwa kumtafuta Fundi Mcha. Mafundi wengine walifungua boneti. Mcha alifunga vioo. Alikaa nyuma ya usukani, akazima redio, akaenda nayo mpaka Mwera na kurudi, kisha akashuka na kusema, "Shokapu ya mbele ya kulia imekwisha, na gari hii ishagongwa ubavuni ikanyooshwa." Ikifunguliwa, ndivyo. Watu wakasema Mcha ana sikio, na yeye, mtu wa Makunduchi asiyependa makuu, hakulikataa neno hilo hata siku moja.

Radhiya alimjia gerejini kwake Kwahani akiwa na miaka kumi na tisa, katoka chuo cha amali na cheti cha ufundi mkononi. Gereji za Kwahani wakati huo hazikuzoea kuona msichana kalala chini ya gari. Mcha alimfundisha kwa miaka sita, na kubwa alilomfundisha lilikuwa kunyamaza na kusikiliza. Alipoondoka kwenda kufungua gereji yake Fumba, Mcha alimwombea dua. Mwaka wa kwanza alimpelekea wateja kwa mkono wake. Mwaka wa pili wateja wakawa wanakwenda bila ya kupelekwa. Mwaka wa tatu, mtu akisema tu, "Kuna yule mtoto wa kike wa Fumba, ana mashine ya kompyuta," Mcha alihisi kitu kama kiungulia kikimpanda kifuani, akabadilisha mazungumzo.

Mkewe, Bi Mwanakheir, aliliona hilo mapema. Siku moja akimmiminia chai alimwambia, "Wanasema hasidi hana sababu. Wewe sababu unayo: umemfundisha vizuri."

Mcha aliinywa chai ile ikiwa ya moto, ikamuunguza ulimi.

Ndipo Hamid alipompigia simu. Hamid alikuwa na nyumba ya wageni Shangani na hoteli ndogo Uroa, na kila siku ya Mungu alikuwa njiani baina ya huku na kule. Alikuwa kachoka na gari yake kuukuu. Sasa alitaka gari ndogo, lakini yenye nguvu hasa.

"Nimepata mbili, fundi, yadi moja ya kuuza gari, pale Mazizini. Moja ya Kijerumani, moja ya Kijapani. Zote fupi, zote zina turbo, zote zinakwenda kama zimefukuzwa na nyuki. Njoo Jumamosi asubuhi unichagulie."

"Inshallah," alisema Mcha, na siku zile tatu alitembea kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichoibiwa.

Jumamosi alifika yadi saa mbili na nusu, shati limepigwa pasi. Hamid alikuwepo. Na Radhiya naye alikuwepo, kainama kwenye mlango wa ile gari nyekundu ya Kijerumani, waya wa mashine yake umechomekwa chini ya usukani.

"Shikamoo, ami," alisema, akainuka haraka na kufuta mikono.

"Marahaba."

Hamid alicheka kicheko kifupi cha aibu. "Nimeona niwaite nyote, fundi. Wewe una sikio, yeye ana mashine. Nikipata yote mawili sitojuta."

"Hukukosea," alisema Mcha.

Walipanga hivi: watazipeleka gari zote mbili Uroa, njia ambayo Hamid ataipita kila siku, na wakati wa kurudi watabadilishana. Mcha alichukua ile nyeupe ya Kijapani, Hamid pembeni yake. Radhiya akafuata na nyekundu, yeye na mwenye yadi.

Ile nyeupe ilikuwa ya gia za mkono, na kiti chake kilimbana Mcha mbavu kama mtu aliyemkumbatia kwa nguvu. Mjini na mtaa wa Amani kwenye foleni ilikuwa ikinguruma na kushtuka, haitaki kwenda pole. Kila tuta la Mwera lilimpiga kiunoni. Lakini walipoiacha Dunga, wakapita Jendele, na njia ikafunguka bila ya nyumba wala mbuzi, Mcha alirudisha gia moja nyuma na akakanyaga. Gari iliruka. Usukani ulivuta mikononi mwake, injini ikapanda sauti, na Hamid akadaka kishikio cha juu ya mlango huku anacheka peke yake.

Mcha alitupa jicho kwenye kioo. Nyekundu ilikuwa pale pale, umbali ule ule, haina papara. Aliiangalia ikiingia kwenye kona: breki kabla, mguu ukaachia, kisha mafuta taratibu wakati wa kutoka. Hakuona kosa hata moja. Ndivyo alivyomfundisha, na hilo ndilo lililomuuma, kwa sababu laiti angeendesha vibaya angekuwa na la kusema.

Hamid naye aligeuka kuangalia nyuma. "Huyu mtoto anajua kuendesha," alisema.

Mcha akabadilisha gia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Uroa walikunywa maji ya madafu kwenye baraza ya hoteli. Hamid akasema sasa ile nyeupe anataka kuishika mwenyewe, na akamchukua mwenye yadi. Kwa hiyo Mcha akaingia kwenye nyekundu, na Radhiya akakaa pembeni yake, kama zamani.

Gari ilijibadilishia gia yenyewe, laini, mtu hasikii. Ilipita kwenye matuta kama mtu aliyevua viatu asimwamshe mgonjwa. Walipofika pahala pa wazi Mcha aliikanyaga. Ilisita kidogo, kama inayomeza mate, kisha ikavuta, na mvuto wake haukuwa na pupa wala haukuisha. Alijikuta anatabasamu. Akaukaza uso.

"Ikoje, ami?" aliuliza Radhiya.

"Si mbaya."

"Ile nyeupe inaonekana ina nguvu zaidi. Lakini hii inajua pa kuziweka."

Yalikuwa maneno yake. Mcha alikuwa anayapanga kichwani mwake tangu Chwaka, atayasema mbele ya Hamid, na Hamid atatikisa kichwa. Sasa yametoka kinywani mwa mwengine. Alishika usukani kwa nguvu mpaka vidole vikamuuma.

Kona iliyofuata ilikuwa ya kulia, na uzito wa gari ukaelemea kushoto. Hapo ndipo alipousikia. Mvumo mdogo kutoka gurudumu la nyuma la kushoto, kama nyuki ndani ya mkebe. Njia ikanyooka, ukapotea. Alishusha kioo vidole viwili, akainamisha kichwa. Kona nyengine ya kulia, ukarudi. Beringi. Gari ishatembea sana huko ilikotoka, na beringi imeanza kuliwa.

Alimtazama Radhiya kwa pembe ya jicho. Alikuwa kaelekeza uso dirishani, anatazama minazi, mikono imetulia mapajani. Hajasikia, Mcha alijiambia. Mashine haisomi beringi, na masikio kashayauza kwa mashine.

Neno lilimfika mpaka kwenye meno. Lilikuwa neno moja tu. Badala yake alipandisha kioo. Mwache aichague, alisema moyoni. Mwache aisifu mbele ya watu, kisha ivume mikononi mwa Hamid, na Hamid mwenyewe atajua njia ya Kwahani. Alijiliwaza kuwa haina hatari ya karibu, kwamba beringi huchukua miezi kabla ya kufika pabaya. Alikuwa anajua anachokifanya, na alikijua kwa njia yote iliyobaki mpaka Mazizini.

Yadini Hamid aliwasimamisha wote wawili kivulini. "Haya. Ipi?"

"Aanze ami," alisema Radhiya.

Mcha alikohoa. "Nyeupe. Ina nguvu, gia unazishika mwenyewe, na ukitaka kitu inakupa. Ngumu kidogo, lakini mtu huzoea."

"Na nyekundu ina kasoro?"

Radhiya alimwangalia Mcha. Alimwangalia muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Mie sikuona kitu," alisema Mcha.

Radhiya aliinamisha macho. "Mie nasema nyekundu," alisema pole pole. "Wewe utakuwa na wageni, na njia zetu hizi zina matuta. Lakini usiichukue leo. Niachie siku mbili niiangalie tena Fumba."

"Basi nyekundu," alisema Hamid, na akampa Mcha mkono kwa heshima, namna mtu anavyompa mkono aliyeshindwa.

Tokea siku ile Mcha alisubiri. Zile siku mbili za Fumba hakuzihesabu kitu, maana mashine haisomi beringi. Nyekundu ilipita Kwahani mara mbili tatu kwa wiki, maana Hamid alipenda kupunga mkono. Kila ilipopita Mcha aliacha kazi, akasimama mlangoni, akatega sikio. Hakusikia kitu ila tairi juu ya lami. Wiki ya nne alianza kuingiwa na khofu ya namna nyengine. Labda hakuna mvumo. Labda ni sikio lake, lililofika miaka hamsini na saba, linalotunga sauti. Nyumbani alimwambia Bi Mwanakheir azime feni, kisha aiwashe, kisha aizime tena.

"Unatafuta nini, bwana?" aliuliza Bi Mwanakheir.

"Sijui," alisema Mcha, na alikuwa anasema kweli.

Mwezi wa pili Hamid alikuja gereji na pancha. Radhiya alikuwa kaenda Pemba kwenye harusi ya nduguye, akaeleza, kama anayeomba radhi. Pancha yenyewe ilikuwa nyuma, kushoto. Mcha aliipiga jeki mwenyewe. Alipolitoa gurudumu alibaki kachuchumaa, mkono hewani. Vyuma vyote vya huko ndani vilikuwa vimevaa vumbi na kutu ya safari, isipokuwa beringi na kikombe inachokalia. Hivyo vilikuwa vipya, vinang'ara.

"Hii imebadilishwa," alisema.

"Naam, si ile uliyoisikia wewe?" Hamid alisema. "Radhiya aliibadilisha zile siku mbili, kabla hajanikabidhi gari. Kaniambia, hii kaisikia Mzee Mcha njiani, mie nimefuata sikio lake tu. Nikasema nikija nitakushukuru, nikasahau. Ahsante, fundi."

Mcha aliziba pancha, akalirudisha gurudumu, akakaza nati moja moja. Hamid alizungumza yake na akaondoka. Angelikuja kumtukana ingelikuwa nafuu.

Siku aliposikia Radhiya karudi, Mcha alikwenda Fumba. Gereji ilikuwa safi, sakafu imepigwa rangi, na Radhiya alikuwa anamenya chungwa. Alimkaribisha kiti, akampa nusu ya chungwa. Mcha akalishika bila ya kulila.

"Ulisikia," alisema.

"Nlisikia, ami."

"Kwa nini hukusema mle garini?"

"Nlikuwa n'nakusubiri wewe. Wewe ndo mwalimu. Nlikuona ukishusha kioo na kuinamisha kichwa, nkajua kuna kitu, ndo nami nkatega. Bila ya hivyo ingelinipita. Basi nkasema moyoni, ni lake, aliseme yeye." Alifuta vidole kwa kitambaa. "Nkasubiri mpaka Mazizini. Hukusema."

"Nilinyamaza makusudi. Nilitaka uumbuke."

"N'najua."

"Na ukamwambia Hamid ni mimi."

"Kwani si wewe ulosikia?" Radhiya alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa na ukali. "Mie sikukupa sifa ya uongo, ami. Lile la kunyamaza sikumwambia, kwa sababu hilo si langu la kusema."

Mcha alikaa mpaka chungwa likamlowesha kiganja. Alitaka kusema nisamehe, akasema, akalisema vibaya, kwa haraka, anatazama sakafu. Radhiya akaitikia kwa kichwa. Lakini Mcha alipokuwa anatoka, aliona gari nne zimepanga foleni nje, na kiungulia kile kile kikampanda kifuani, kama vile hakuna kilichozungumzwa.

Jioni hiyo hiyo alikwenda Shangani. Alimkuta Hamid kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni, anatia funguo kwenye misumari yake. Mcha hakukaa. Alimweleza yote: kona, mvumo, kioo, na jibu alilompa yadini alipoulizwa kuhusu kasoro.

Hamid alisikiliza mpaka mwisho, ufunguo mmoja bado mkononi. "Gari hiyo mke wangu hupelekea watoto skuli," alisema.

"Najua."

"Na lau Radhiya asingeliibadilisha?"

Hamid hakusubiri jibu. Aliutundika ule ufunguo, akasema, "Ahsante kwa kuniambia," kwa sauti wanayopewa wageni wanaoondoka. Hakupita tena Kwahani, wala kupunga mkono. Watu wawili watatu waliokuwa wakija kwa neno la Hamid nao wakaacha kuja.

Radhiya aliendelea kumpigia simu kila Ijumaa baada ya sala, kumwamkia na kumuuliza hali. Mcha alikuwa akilitazama jina lake likimulika kwenye kioo cha simu. Ijumaa nyengine alipokea, wakazungumza kuhusu gari mpaka Bi Mwanakheir akaita chakula kinapoa. Ijumaa nyengine aliiacha ikalia mpaka ikanyamaza.