Mdomo wa Pili

Chumvi ilitoka Dar es Salaam, na Doto aliikoroga mwenyewe kwenye maji yaliyochujwa, maana Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wote pale chini ya mtaa wake wa Igogo, halikumfaa kitu. Ndani ya tangi la kioo sebuleni alifuga matumbawe laini, yale ambayo wafugaji huyaita zoa: kila moja kama kifungo cha koti chenye tamvua pembeni na mdomo katikati. Hayana mifupa, huingiza mchanga kwenye ngozi yao ili yasimame imara. Yana sumu pia, kwa hiyo Doto hakuyagusa bila glavu, na alimkemea bila haya mgeni yeyote aliyetaka kutia kidole.

Mama yake, Bi Tereza, alikuja kutoka Magu kutibiwa macho. Kwa Wasukuma pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto. Jirani akimwita Mama Kulwa, Bi Tereza haitiki. Yeye ni Mama Doto, basi. Doto alikuwa mtu mzima na hakuwahi kusikia kwa mama yake neno hata moja juu ya pacha huyo. Alichojua alikiokota kwa shangazi: Kulwa alizaliwa amekufa, kwa kuwa Doto alimmalizia chakula tumboni. Upuuzi, alijiambia, lakini uliuma. Alitamani mama yake aukanushe, hata kwa kufoka.

Kabla mama hajafika, Doto aligeuza jiwe moja, lenye zoa ambalo hakutaka mama alione, likatazama ukutani. Usiku konokono wa tangini wakaligeuza tena. Asubuhi, Doto alipokuwa akilisha, Bi Tereza alivuta kiti akauliza vipi maua yanakula kamba wa baharini. Doto akamweleza kuwa ni wanyama. Mama akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hili lina midomo miwili."

"Ndiyo, mama. Hutokea."

"Na matumbo?"

"Tumbo ni moja. Ukilisha mdomo huu, chakula kinakwenda kule kule."

Bi Tereza aliomba bomba la kulishia. Doto akamvalisha glavu, akamshika kiwiko. Kipande cha kamba kilitua kwenye mdomo wa kushoto, nao ukakimeza taratibu.

"Alilia," mama akasema.

"Nani?"

"Kulwa. Alilia vizuri, sauti nzito kuliko yako. Alikuwa mnene kukuzidi, kwa hiyo hukumla mtu. Nilimpakata. Halafu wewe ukaanza kuja, nikamrudisha kwa mkunga. Nilipomwomba tena, alikuwa ameshakufa."

Doto aliona aibu kwa furaha iliyomjia kwanza, kabla ya huzuni. Maswali yalikuwa mengi, lakini lililotangulia lilikuwa dogo, ambalo jina Kulwa halikuweza kulijibu, wala maneno ya shangazi.

"Alikuwa wa kiume au wa kike?"

Bi Tereza alimgeukia, akashangaa kwamba mwanawe hajui.

"Wa kike," akasema. "Mnafanana."