Siku ya Kulaza Majembe

Mgeni alitokea upande wa mbuga, jua likiwa limeanza kulegea, wakati Limi yumo ndani ya shimo la udongo mpaka magotini. Hakupiga hodi, maana nyumba yenyewe haikuwa na mlango wa kupigia hodi. Alisimama penye rundo la nyasi za kuezekea, fimbo ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayezuia nguzo isianguke.

"Mwadila, mayu," alisema, akimsalimu Limi kwa Kisukuma kama mama yake.

"Mwadila, baba. Karibu."

Hakukaribia. Aliketi palepale juu ya nyasi. Limi alijitoa shimoni, akajipangusa mikono kwenye kanga ambayo haikuwa na mahali safi pa kujipangusia, akamletea maji katika kibuyu. Mgeni akanywa kidogo, akakohoa sana, akanywa tena. Alikuwa kijana bado, lakini shingo ilikuwa imekonda kama ya mzee, na kwenye mikunjo ya vidole vyake mlikuwa na vumbi la mawe, lile lisilotoka kwa kuoga.

"Umetoka machimboni," Limi alisema. Hakuwa anauliza.

"Geita. Narudi kwetu, Kagongwa. Lori limenishusha huko barabarani. Dereva amesema nakohoa mno, abiria wanamnung'unikia." Alijaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza. "Naitwa Pantaleo. Nipumzike kidogo tu, mayu, kisha niendelee."

Ngassa, mumewe Limi, alikuwa amekaa chini ya ukuta akisokota kamba za katani, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele. Alimtazama mgeni akipelekwa kibandani kulala, akatikisa kichwa.

"Kidogo tu," Ngassa alimwambia mkewe aliporudi. "Hata sisi tulisema hapa tutakaa kidogo tu."

Kweli walisema hivyo. Mwaka walipohamishwa kutoka kwenye boma lao la zamani, wakaletwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara, walijenga kibanda cha nyasi kiwasitiri msimu mmoja wa mvua, huku wakiinua nyumba. Nyumba yenyewe ingekuwa ya pembe nne, yenye vyumba na dirisha, kama za wenzao. Lakini nchi ile ilikuwa imekwisha miti. Fito za kusuka ukuta hazikupatikana, na zilizopatikana mchwa walizila kabla udongo haujakauka. Basi wakajenga kwa udongo mtupu. Walichimba udongo wa kichuguu, wakaukanyaga kwa miguu pamoja na majani makavu, wakaupanga tabaka juu ya tabaka. Tabaka moja halivuki urefu wa mkono, na lazima likauke kabisa ndipo ulibebeshe jingine. Ukifanya haraka, ukuta unatoa tumbo, unalala chini.

Na mvua haikuwangoja. Kila mwaka walijenga wakati wa kiangazi, wakafunika vichwa vya kuta kwa mabua, na kila mwaka mvua ikapita ikala sehemu yake. Ulikuja mwaka wa njaa, hawakuwa na nguvu hata ya kukanyaga udongo. Ukaja mwaka ng'ombe alipomvunja Ngassa mguu. Ikaja vita ya kule Kagera, vijana wa kuwasaidia wakaondoka. Binti yao Melania aliposwa hapohapo kwenye kibanda cha nyasi, akaolewa, akazaa, na kila akija kuwasalimia ukuta ulikuwa kiunoni, au kifuani, au umerudi kiunoni tena. Limi alizeeka ndani ya lile shimo. Zamani alikanyaga udongo akiimba. Siku hizi alikanyaga kimya, akihesabu pumzi tu.

Lakini mwaka huu kuta zilikuwa zimefika juu. Miti ya paa ilikuja kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka misitu ya Ushirombo, nyasi zilikuwa zimekatwa, na majirani walikuwa wamealikwa waje kuezeka. Mabua yaliyofunika kuta yalikwisha kuondolewa ili miti ya paa ipandishwe. Kwa mara ya kwanza nyumba ilikaa wazi, kichwa kitupu, ikingoja watu. Na mbingu ilikuwa imeanza kujikusanya.

Kesho yake Pantaleo hakuweza kuendelea na safari. Limi alimpelekea uji. Alimkuta amejiegemeza kwenye ukuta wa nyasi, macho yamemtoka.

"Mayu, kule machimboni kifusi kilimfunika mwenzetu asubuhi moja," alisema bila kuulizwa. "Tulimtoa, tukamlaza pembeni, tukamfunika gunia. Kisha watu wakarudi kuchimba. Sululu hazikusimama, mayu. Hata mimi nilichimba. Kila nikipiga, naona kama nampiga yeye."

"Usizungumze. Kunywa uji."

"Nikifia hapa kwako..."

"Hufi. Kunywa."

"Nikifia hapa, walaze majembe. Kama mtu wa nyumbani. Mpaka nizikwe tu. Niahidi."

Katika nchi ile mtu akifa kijijini, hakuna anayeigusa ardhi kwa jembe mpaka azikwe, isipokuwa wachimba kaburi. Hakulimwi, hakukandikwi, hakuezekwi. Hilo kila mtu alilijua tangu utotoni, na Limi hakuona ugumu wowote wa kulisema. Udongo ulikuwa unamkaukia shimoni, na bado hajaziba nyufa za upande wa mashariki.

"Haya, nimekuahidi. Majembe yatalazwa. Sasa kunywa uji wako."

Alisema kama mama anavyomwambia mtoto kwamba kesho watapika wali. Lakini kijana alishusha pumzi, akakishika kibuyu cha uji, akanywa mpaka mwisho.

Siku ya kuezeka ilipofika, majirani walikuja mapema wakiwa na miundu na kamba mabegani. Mbele yao alikuwa Makoye, fundi wa kuezeka, ambaye sauti yake ilikuwa ikitangulia kabla ya mwili wake.

"Baba Melania! Leo ndiyo leo! Mimi nilikuwa na nywele kichwani ukuta huu ulipokuwa magotini!"

"Nywele zako zimekwisha kwa pombe," alijibu Justa, jirani yao wa karibu. "Usiusingizie ukuta wa watu."

Wakacheka. Ngassa naye alicheka, kicheko ambacho Limi hakuwa amekisikia miaka mingi. Alikuwa amejifunga shuka kiunoni kama kijana, jembe mkononi, tayari kuchanganya udongo wa kufungia paa na ukuta. Limi aliwaona wote kutoka mlangoni mwa kibanda. Alikuwa ametoka kumfumba Pantaleo macho. Alitamani angekuwa na dakika chache zaidi za kuwaacha wacheke.

"Mgeni amefariki," alisema.

Kicheko kikafa. Justa akaweka mkono kifuani. Makoye akavua kofia, akaitazama mbingu upande wa ziwa, mahali wingu jeusi lilipokuwa limejilaza.

"Mungu amlaze pema," alisema kwa upole. "Mama Melania, sikia. Mila ile ni ya mtu wa kijiji. Huyu ukoo wake hatuujui. Tumfunike vizuri, tuezeke, jioni tumzike sote kwa heshima. Nani atatulaumu?"

"Nilimwahidi kwamba majembe yatalazwa."

"Maiti hadai, mama."

"Ndiyo. Angekuwa anadai, ningemwomba anisubiri."

Ngassa alikuja karibu akichechemea, akasema taratibu, ili wengine wasisikie: mvua hiyo ikitukuta hivi, mke wangu, hatuna miaka mingine. Mimi sina, na wewe huna. Limi alijua ni kweli. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata machozi yaliona taabu kutoka. Angeweza kusema basi, ezekeni, na hakuna mtu duniani angemnyooshea kidole.

"Alikunywa uji wote," alisema. "Nilipomwahidi. Siku zote alizokaa hapa hakuwahi kumaliza uji, ila siku ile."

Ngassa akainama kwa shida juu ya mguu wake mbovu, akalilaza jembe chini. Justa akalaza mundu wake kando ya lile jembe. Wengine wakafuata, mmojammoja, wengine wakinung'unika. Makoye alisonya, akachukua baiskeli, akasema basi yeye atakwenda Kagongwa kuwatafuta ndugu wa marehemu, maana akibaki hapa kuutazama ukuta ule atagombana na mtu. Wazee wakaamua maziko yawe kesho, ndugu wakishafika.

Walifanya walichoweza bila kuvunja neno. Kufunika si kuezeka, alisema Justa, kwa hiyo wakarusha mabua na mafungu ya nyasi juu ya kuta. Kisha wanawake wakaingia kibandani kukaa na maiti, wanaume wakaketi nje, wakilitazama wingu.

Mvua ilifika alasiri. Ulitangulia upepo, ukayachukua mabua kama manyoya. Ndipo maji yakaja, siyo ya juu tu, bali na ya chini, yakishuka kutoka mteremkoni hadi kwenye mguu wa ukuta wa mashariki. Miaka yote palikuwa na mfereji pale wa kuyageuza maji. Mkokoteni ulioleta miti ndio ulioufukia kwa magurudumu yake, na Limi alikuwa amejiambia ataufukua baada ya kuezeka.

Alitoka kibandani. Wanaume walikuwa wamekimbilia kwa Justa kujikinga, na pazia la mvua lilikuwa zito hata nyumba ya jirani haikuonekana. Ngassa peke yake alikuwa amesimama ameuegemea ukuta kwa mgongo na viganja, kana kwamba mtu mmoja mwenye mguu mmoja mzima angeuzuia.

Limi aliliokota jembe. Mapigo machache tu yangetosha, mfereji wa urefu wa kitanda, maji yangegeuka. Alisimama pale maji yalipokuwa yanaingia, akaliinua. Mpini ulimjaa kiganjani kama ulivyomjaa maisha yake yote.

"Piga," Ngassa alisema. "Mimi sijaona kitu."

Hakuonekana mtu mwingine. Kijana mwenyewe alikuwa amefunikwa shuka uso mzima. Limi aliusikia udongo chini ya miguu yake ukilainika, udongo ule alioukanyaga yeye mwenyewe. Alifikiri habari za sululu ambazo hazikusimama.

Akalishusha polepole, akalilaza ubavu ndani ya maji, makali yasiguse chini kwa pigo. Kisha akamshika mumewe mkono.

"Toka hapo, baba Melania. Utakuangukia."

Walikuwa hawajafika kibandani ukuta ulipoondoka. Haukuanguka kwa kishindo. Uliketi, ukakunjika, miti ya paa ikalalia upande huo kwa mlio mrefu. Ngassa alisimama mvuani bila kugeuka nyuma. Limi akamwachia mkono, akainama, akaingia ndani.

Wanawake waliinua nyuso zao.

"Nini hicho?" Justa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ukuta," alisema Limi.

Aliona shuka ya marehemu imefunuka miguuni kwa upepo. Akapiga magoti kando yake, nguo zikimchuruzika maji, akairudisha shuka, akaikunja pembeni vizuri, akakaa.