Saa ya Kinshasa

«Mama Emérita, neno la siri uliliachia nani?» Straton, fundi wa kompyuta za parokia, alikuwa amesimama mlangoni kwa jirani yake, na nusu ya kijiji cha Mushaki nyuma yake kama kwenye matanga.

«Niliachia maharagi yangu, kaka. Uyaulize.»

Watu wakacheka. Straton hakucheka. Vita vilikuwa vimekata barabara ya Walikale, na kompyuta za parokia ndizo zilizobaki njia ya kupata habari za ndugu. Jana alizipanga upya: kompyuta ndogo zisimwamini mtu zenyewe, kila anayeingia akaulizwe kwa mashine-mama, inayotunza majina na maneno ya siri ya wote. Tangu asubuhi, haimpokei mtu. Na wa mwisho kuikaribia jana alikuwa Emérita, akingojea ujumbe wa binti yake Vestine.

«Iko muntu aliingia na jina yako, akaharibu,» Straton alisema. «Siku hizi tunawajua wenye kuuza siri.»

Kicheko kikakatika. Siku zile neno kama hilo lilitosha kumfukia mtu. Emérita akaweka ungo wa maharagi chini polepole.

«Mutoto wangu iko Walikale, Straton. Mimi njo nifunge ule mulango?»

Ndani, redio yake ikatangaza: Kinshasa, saa sita kamili. Straton akatupia jicho saa ya mkononi. Saa saba. Kila mtoto wa huku Masisi anajua Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, na yeye pia anajua. Ila jana mashine-mama ilipomuuliza iko mji gani, alijibu Kinshasa, kama ilivyo desturi ya makaratasi ya nchi hii, kisha akaiwekea wakati wa saa ya mkononi mwake. Kompyuta ndogo zilifuata saa ya huku, na kwa kuwa saa saba ya Kinshasa ni saa nane ya huku, mashine-mama ikawa mbele yao kwa saa moja. Na mashine-mama, saa ya mgeni ikipishana na yake, humhesabu mwizi.

Straton akageuka. Akaenda parokia bila kuaga, akarekebisha saa ya mashine-mama, milango ikafunguka. Kurudi ndiko kulikuwa kuzito. Watu hawakuwa wametawanyika.

«Haikuwa Mama Emérita,» alisema, akitazama viatu vyake.

«Sema kwa nguvu,» Emérita akamwambia. «Uliponishitaki ulisema kwa nguvu.»

«Ni mimi. Niliweka saa vibaya, nikakusingizia. Unisamehe, Mama.»

«Tekinisia, fundi wetu,» mtu akanong'ona nyuma kwa dhihaka, na watu wakaguna.

Emérita akajifuta mikono, akauliza:

«Vestine ameandika?»

«Sikufungua sanduku ya barua, Mama. Ni yako.»

Emérita akaokota ungo, akasogea pembeni ya mlango. «Basi ingia, unawe. Bugali inapoa, na nikishiba utanipeleka nikasome.»