Utando Ulioziba Mabomba

Juma lile tulipowasha mashine ya ozoni, ile gesi inayosafisha maji badala ya klorini, maji ya mnara wa kupoozea mitambo ulio paani yalitakata hata nikaziona bolti zilizodondoka zamani chini ya tangi. Ule utando wa kijani, laini kama ute wa bamia, ulibanduka vipande vipande ukaishia kwenye chujio. Nilifurahi kimya kimya.

Kisha mabomba yakaanza kuvuja. Si bomba moja. Yote yanayoshuka kutoka paani yalitoka vijasho, halafu vijito, na mchana kiwanda cha nguo kikazimwa.

"Mzee Ndoo ametoboa!" Bosi alifoka mbele ya watu. "Nani mwingine ana ufunguo wa paa? Mashine imemnyang'anya kazi, sasa analipiza. Leo hii namwita polisi."

Mzee Ndoo ndiye aliyekuwa akipanda na ndoo ya klorini kabla ya ozoni, na jina likamganda. Pia ni baba wa mke wangu. Bosi alilijua hilo, ndiyo maana alinitazama kwa jicho la pembeni.

"Nipe muda nikate bomba, bosi. Tulione kwanza kwa ndani."

"Kata. Lakini usije na hadithi za ukwe hapa."

Nilikata kipande cha urefu wa mkono, nikakipasua katikati. Chuma kilikuwa kimeliwa kuanzia ndani, kingo zimekuwa nyembamba kama karatasi. Alama ya keekee ya kutobolea hakuna. Tundu moja lilikuwa bado limezibwa na utando. Nikaukwangua kwa ukucha, mwanga ukapenya.

Bosi alikigeuza kile kipande, akakigeuza tena. "Kwa hiyo uchafu ndio ulikuwa umetushikia mabomba?"

"Ndivyo ninavyoona. Ozoni imeula uchafu, matundu yakabaki wazi."

"Haya, nenda kamwambie mzee yaishe," alisema, sauti imeshuka.

Nilipanda ngazi mbio. Mzee alikuwa ameketi juu ya ndoo aliyoifudikiza, mikono magotini.

"Baba, umesalimika! Matundu ni ya kutu, utando ndio uliokuwa umeyaziba."

Hakushtuka hata kidogo. "Najua, mwanangu."

"Unajua?"

"Nikimwaga ndoo nzima ya dawa, mabomba yanalia matone. Nikimwaga nusu, yananyamaza. Bosi aliyepita nilimwomba mabomba mapya mpaka nikachoka. Basi nikauacha utando ukue, nikaulea." Akacheka kidogo. "Kiwanda hiki nimekibeba mimi na ule uchafu wangu."

Nilishika ukingo wa tangi, nikachungulia chini. Feni zilikuwa zimesimama, lakini nilijua ukungu wa mnara huelekea wapi zikizunguka. Chini yetu kulikuwa na madirisha ya ukumbi wa kushonea, vizingiti vyake vimeota kijani kilekile. Kando ya dirisha la mwisho ndipo mke wangu hushonea.

Siku hiyo alikuwa amelazwa hospitalini, mpira wa oksijeni puani. Jana yake daktari alituuliza kama kazini kwake kuna maji yanayorushwa hewani. Wadudu wengine, alisema, hukaa kwenye utelezi wa maji, hupanda na ukungu hadi mapafuni, na dawa alizokuwa akimpa haziwagusi. Mimi nilikuwa bado nafikiria jibu.

"Unatazama nini?" mzee aliuliza.

Nilimweleza polepole, kama daktari alivyosema, bila kuongeza neno. Alifuata kidole changu mpaka kwenye dirisha la mwisho. Aliinuka, na ndoo ikabiringika mpaka ukutani.

"Mimi nilidhani naumiza chuma tu," alisema hatimaye. "Chuma tu, mwanangu."

Kile kipande cha bomba kilikuwa bado mkononi mwangu, nacho kilikuwa kimemtoa hatiani nusu saa iliyopita.

"Fundi!" Bosi aliita kutoka chini, kachangamka. "Mwambie mzee kazi yake ipo! Ashuke tunywe chai!"

Mzee aliutoa ufunguo wa paa mfukoni, akauweka juu ya tangi.

"Lete hicho kipande daktari akione, twende hospitali," alisema, tayari yuko kwenye ngazi. "Wewe zungumza na daktari abadilishe dawa. Binti yangu nitamwambia mimi mwenyewe nilichokilea."