Mchungaji Asiyetoka Mimbarini

Naapa mbele ya kamati zote za nidhamu zilizowahi kunikalisha kitako katika shule ya bweni kule mjini Apia, nazo si chache, kwamba sikuwa na nia mbaya. Nilitaka tu kumwona Baba akikwama.

Baba ni mchungaji wa kijiji chetu hapa kisiwani Savaii. Jumapili moja nikiwa likizo, kabla ya kengele, nilipanda mimbarini nikahamisha utepe wa Biblia yake kutoka kwenye Zaburi hadi kwenye Kitabu cha Hesabu, pale penye majina ya mwana wa fulani na mwana wa fulani. Baba akafungua penye utepe, akaweka kidole juu ya mstari, akainama, akasoma Zaburi nzima bila kukosea neno.

Watu wakaitikia amina. Mimi nikabaki nakitazama kile kidole, bado kiko juu ya majina ya Hesabu.

Nilimwambia Mama jikoni kwamba Baba haoni. Akafunika sufuria polepole.

"Funga mdomo wako, Sieni. Sukari yake iko sawa. Tangu Krismasi hatii sukari kwenye chai."

Mezani palikuwa na chakula cha waumini: nguruwe, magimbi kwa tui zito, na nyama ya kopo yenye chumvi ya kutosha bahari ndogo. Mchungaji hakatai chakula cha waumini, na katika jambo hili utii wa Baba haujawahi kutiliwa shaka.

Jumanne madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali yetu. Wakishaondoka, ni miezi sita hadi warudi. Nikamdanganya Baba kwamba mimi ndiye siuoni ubao darasani, anisindikize. Tulipofika nikaandikisha majina mawili.

Tulikaa kwenye benchi. Mbele yetu bibi Pepe wa kanisani kwetu alikuwa anapimwa kwa kadi yenye herufi zilizogeukia huku na huku, akitaja kwa sauti: juu, kulia, chini, kushoto. Nikaona midomo ya Baba inacheza. Namjua mwanafunzi anayekariri majibu ya mwenzake. Mimi mwenyewe ni bingwa.

Alipoitwa, alitaja zote.

"Ee, Mchungaji!" akasema nesi Muese. "Haya ni macho ya kijana wa kucheza raga!"

Baba akaanza kuinuka. Nikisema, namwaibisha mbele ya kondoo wake. Nikinyamaza, anarudi nyumbani gizani. Nikamtazama nesi, nikageuza kiganja changu juu chini. Muese si mjinga. Aliigeuza kadi kimyakimya.

"Mara moja tu tena, Mchungaji. Mstari wa nne."

Baba akarudia maneno yaleyale, kwa sauti ileile ya mahubiri. Bibi Pepe akaacha kujipepea.

Ndani, daktari alipiga picha nyuma ya macho, kisha akamfunga Baba mpira wa presha mkononi. Mia na tisini kwa mia na kumi.

"Dawa za presha unakunywa?"

"Nakunywa."

"Mchungaji."

Baba alishusha sauti. "Si Jumapili. Zinanipeleka chooni, daktari. Ibada yangu huchukua saa mbili na nusu. Nani amewahi kumwona mchungaji akitoka mimbarini?"

"Na siku nyingine?"

"Jumatano kuna maombi. Ijumaa kwaya."

Siku nyingine ningejikunja kwa kicheko. Lakini daktari hakucheka.

"Mishipa midogo ndani ya jicho inavuja. Sukari imeidhoofisha, presha inaisukuma, na figo zako nazo zimeanza kuchoka. Umeacha sukari ya chai, vizuri, lakini jicho linakula kila unachokula wewe. La kushoto siwezi kukuahidi. La kulia nitalitibu kwa mwanga wa leza leo. Mwili usipotulia, litavuja tena, na mimi sitakuwepo."

Siku nne Baba hakunisemesha. Ijumaa tu, mezani, alisema, "Chumvi," kisha akasema, "Basi, iache."

Jumapili asubuhi alimeza vidonge mbele yetu, akaenda kanisani. Mahubiri yalipopamba moto, aliacha sentensi katikati. Kanisa zima likainua vichwa.

"Imbeni," akasema. "Daktari amenipa dawa, na dawa inanihitaji nje."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Bibi Pepe akaanzisha wimbo. Baba akashuka ngazi za mimbari, ukingo usio na kishikio ukiwa upande wa jicho lake bovu, na kwetu hakuna amshikaye mchungaji wakati wa ibada. Mguu wake ukaelea hewani ukitafuta ngazi ya pili. Nikang'ang'ania benchi mpaka vidole vikauma. Ukaipata. Akapapasa mlango wa pembeni, akatoka.

Tukaimba ubeti wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu sauti zilikuwa zimeshaanza kupungua, kila mtu akiutazama ule mlango. Mimi niliacha kuimba kabisa, nisikie nyayo zake zikirudi.