Mgeni wa Natalia

Katesh ilipofanya udugu na mji mmoja wa pwani ya Mediterania, mji wa majengo ya vioo na mashua nyeupe, watu wa mtaa wa Jorodom pale mjini walipiga vigelegele utadhani bahari yenyewe inahamia Hanang. Natalia, Mama Judica kwa majirani, alishangilia kuliko wote. Tangu tope lililoporomoka mlimani limchukue mume wake Ignasi, watoto nao wakiwa Dodoma, alikuwa anakula peke yake, na kula peke yake kulimchosha kuliko jembe. Sasa alipangiwa mgeni, mwalimu wa kike, alale kwake wiki nzima.

Akanunua godoro. Akachinja jogoo, akapika wali. Majirani wakakubaliana kwamba mgeni wa mbali hasongwi siku ya kwanza, aachwe na mwenyeji wake apumzike. Hata Rogathe wa nyumba ya pili, ambaye hajawahi kupita mlango ulio wazi bila kuingia, aliahidi kukaa kwake mpaka aitwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na Natalia alitaka kupona kwelikweli.

Jioni simu ikalia. Alikuwa kijana wa halmashauri.

"Shikamoo mama. Samahani sana, wageni wote watalala hotelini. Wanahitaji intaneti."

"Marahaba. Haya mwanangu, hakuna shida."

Hakuna shida! Ndivyo tunavyosema sisi, hata paa likiezuliwa. Kumwita Rogathe wale pamoja kulikuwa rahisi, lakini mtaa mzima ungejua kwamba nyumba yake haikufaa kulaza mgeni. Aibu ikamshika. Akapakua sahani mbili, akapaza sauti ivuke ua: "Karibu mgeni, ongeza nyama! Usione haya!"

Akaendelea kuongea, akacheka kidogo, akasimulia habari za Ignasi. Ilikuwa raha kulitaja jina lile kwa sauti. Halafu akalia, kwa sababu sahani ya pili ilikuwa inapoa.

"Hodi!" Ni Rogathe, mlangoni. "Mama Judica, najua niliahidi. Nimeleta maziwa. Nikae nanyi kidogo tu?"

Natalia alifuta uso. Hapakuwa na kitu alichokitaka zaidi duniani kuliko Rogathe aingie akae kwenye kiti cha mgeni. Mkono wake ukafika kwenye komeo.

"Mgeni amechoka na safari, dada," akasema. "Ameshalala."

"Aa, pole yake. Basi mlale salama, nyote wawili."

Rogathe akaweka maziwa kizingitini, akaondoka akinyata asimwamshe mgeni.