Shimo la Torgny

Kwa miaka kumi na tisa shimo la Torgny Wikander lilikaa angani bila kusumbuliwa na mtu. Setilaiti ilipita kutoka kusini kwenda kaskazini, huku kipimo kilichofungwa kwenye mkono mrefu nyuma yake kikihesabu elektroni, na kila ilipofika juu ya ikweta hesabu ilishuka kwa nusu. Pale Uppsala, kwenye taasisi ya anga alikofanyia utafiti, watu walilitaja shimo hilo kama wanavyotaja ziwa.

Ylva Sandelin, mgeni kazini, alipewa data za zamani azisafishe. Jumanne moja ya Novemba, kabla ya chakula cha mchana, akakuta wiki tatu ambazo Torgny alizikata na kuziandika pembeni: "Mbovu." Akazifungua. Wiki hizo wahandisi walikuwa wamekigeuza chombo ubavu kwa jaribio lao jingine, na kipimo hakikuwa tena nyuma yake. Shimo halikuwapo.

Akarudia hesabu mara nne, akiomba iwe amekosea. Hakukosea.

Torgny alikuwa kwenye chumba cha kahawa, akilikunjua andazi la mdalasini lililoviringwa, taratibu kama mtu anayefungua bandeji.

"Torgny, una nafasi?"

"Nina andazi. Kaa."

"Ni lile shimo."

"Limefanya nini?"

"Nadhani ni letu sisi. Ni chombo chenyewe."

Akamweleza. Chombo kinakwenda kasi kuliko ayoni, zile chembe zenye chaji za angani, kwa hiyo kinaacha utupu nyuma yake. Kwingineko sumaku ya dunia inakatiza njia ya chombo, na chembe zinaifuata kama shanga kwenye uzi, zinaingia kwa ubavu na kuujaza utupu mapema. Juu ya ikweta nyuzi hizo za sumaku zinalala sambamba na mwendo. Hakuna kinachoingia kwa pembeni, utupu unarefuka, unakifikia kipimo.

Torgny aliuvuta mchoro ambao Ylva alikuja nao.

"Hizi wiki nilizitupa mimi."

"Ndiyo."

"Zilikuwa zinaniharibia mchoro." Akala kipande cha andazi. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Juni nastaafu. Ungeweza kungoja."

Ylva alihisi masikio yakimchoma. "Unaniomba?"

"Hapana. Nasema tu ungeweza." Akajifuta vidole kimoja kimoja. "Tuandike masahihisho. Jina lako litangulie. Langu liwepo, watu wajue nimekubali, wasije wakanitetea."

Ylva alikuwa amejiandaa kwa hasira. Kwa hili hakujiandaa. Akainuka kumwongezea kahawa, akaimwaga mezani.

Masahihisho yalitoka jaridani Aprili, kurasa nne. Barua zikaja, na Torgny akazijibu zote mwenyewe. Profesa mmoja aliyeandika sura tatu za kitabu juu ya shimo lile alitaka kujua afanye nini sasa. Torgny alimjibu kwamba anampa pole, kwamba yeye pia hajui, na kwamba data zote zipo kwa Ylva, ambaye anafika kazini saa mbili asubuhi.